Kuhakiki Tuliyoyasema Darasani: Funzo Kutoka Filamu Moja ya Kutisha na Kuchekesha

Katika kazi ya ualimu yako makosa ya aina mbili ambayo yafaa tuyatenganishe. Lipo kosa la mwalimu kusema jambo lisilo la kweli, na lipo kosa la kumnyamazisha mwanafunzi aliyeligundua. La kwanza humpata kila mwalimu, hata aliye hodari, kwa kuwa kumbukumbu ya binadamu ni ghala linalovuja. La pili si la lazima, nalo ndilo lenye madhara zaidi. Katika makala haya nataka kuwasimulia, ndugu wanachuo, jinsi nilivyoyatenda yote mawili katika kipindi kimoja, na jinsi nilivyojitahidi kuyarekebisha. Nasimulia habari zangu mwenyewe si kwa kuwa ni za ajabu, bali kwa sababu naamini kwamba kila mmoja wenu atajikuta mahali hapo siku moja, chaki mkononi, na watoto arobaini wakimtazama.

Somo lenyewe

Mimi hufundisha mbinu za kufundishia Kiswahili. Siku hiyo shabaha ya somo ilikuwa kuonyesha jinsi mwalimu wa shule ya msingi awezavyo kutumia maigizo mafupi kuwazoeza watoto kusema kwa ufasaha mbele ya wenzao. Mifano yangu niliichukua kutoka tafsiri mbili za Mwalimu Julius Nyerere, yaani Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, ambazo asili yake ni tamthilia za William Shakespeare. Kilikuwa kipindi cha mwisho kabla ya chakula cha mchana, na darasa lilikuwa limechoka. Ili niwaamshe, nikawasimulia filamu niliyoitazama nikiwa kidato cha pili, nyumbani kwa mjomba wangu aliyekuwa na kanda nyingi za video za zamani.

Filamu hiyo ni ya Uingereza, na jina lake ni Theatre of Blood. Ni filamu ya kutisha na kuchekesha kwa pamoja; mtazamaji hufumba macho kwa hofu, na papo hapo mbavu zikamuuma kwa kicheko. Kisa chake ni hiki. Mwigizaji wa jukwaani aitwaye Edward Lionheart, ambaye alikuwa akiigiza tamthilia za Shakespeare peke yake, alitazamia kupewa tuzo ya mwigizaji bora na chama cha wahakiki wa London. Wahakiki wakamnyima, wakampa mwigizaji kijana. Lionheart akawaendea walipokuwa wamekusanyika, akasema mbele yao maneno mashuhuri ya Hamlet, kisha akajitupa katika mto Thames. Watu wote wakaamini kwamba amekufa. Kumbe aliokolewa na walevi wasio na makao waliokuwa ukingoni mwa mto, naye akaanza kulipiza kisasi. Kila mhakiki alitayarishiwa mauti yaliyochukuliwa kutoka tamthilia mojawapo ya Shakespeare.

Nilisimulia kwa mbwembwe, na darasa likaamka kweli. Niliwaambia kwamba filamu ilitolewa mwaka 1971; kwamba mwigizaji mkuu, Vincent Price, alikuwa Mwingereza; kwamba Lionheart aliwaua wahakiki wote wanane akisaidiwa na kijana mmoja wa kiume; na kwamba mwishowe polisi walimkamata, akanyongwa. Hatimaye nikafikia mfano nilioutaka. Nikasema kwamba mhakiki mmoja alikatwa moyo kifuani, kama vile Shylock alivyomkata Antonio katika Mabepari wa Venisi.

Mwanachuo mmoja wa kike, aliyezoea kukaa kimya safu ya nyuma, akanyosha mkono. Akasimama, akasema, "Samahani, Mwalimu. Katika kitabu Shylock hakumkata Antonio. Alizuiwa pale mahakamani."

Nami nikamjibu, "Kasome tena vizuri. Kaa chini, muda wetu ni mchache."

Wenzake wakacheka. Akakaa. Somo likaendelea, na nilipotoka darasani nilijisifu moyoni kwamba kipindi kilikuwa kimefana.

Katika mazoezi ya kufundisha

Mwezi mmoja baadaye wanachuo walikwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, nami nikapangiwa kuwakagua baadhi yao. Mwanachuo yule alikuwa na darasa la tano katika somo la Sayansi. Andalio lake lilikuwa safi, na zana zake alizitengeneza mwenyewe kwa maboksi na rangi. Akaandika ubaoni mifano ya ndege: kuku, njiwa, kunguru, popo.

Mtoto mmoja wa kiume akanyosha mkono. "Mwalimu, mbona popo ananyonyesha watoto wake?"

Mwanachuo akasita kidogo. Kisha akasema, "Kaa chini, tunaendelea."

Nilikuwa nimekaa nyuma na fomu yangu ya tathmini. Nikaandika kwamba mwalimu ametoa mfano usio sahihi, kwa kuwa popo ni mnyama anyonyeshaye, na kwamba amempuuza mwanafunzi aliyesema kweli. Baada ya kipindi tulikaa chini ya mwembe kuzungumzia somo. Nikamwuliza kwa nini hakumsikiliza mtoto yule. Aliinamisha uso kwa muda, kisha akanijibu kwa adabu, "Niliogopa, Mwalimu. Niliona kwamba nikikubali, darasa litaniponyoka. Na hata chuoni nimeona kwamba mwalimu akishasema, hoja imekwisha."

Hakunitaja, wala hakuwa na haja ya kunitaja. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nilitazama fomu iliyokuwa mapajani mwangu, nikaona kwamba maneno yote niliyoyaandika juu yake yalinihusu mimi kwanza. Kosa langu lilikuwa limeondoka katika darasa langu, likasafiri kilomita nyingi, likamkuta mtoto wa darasa la tano ambaye hajapata kunijua.

Kuyakagua maneno yangu

Niliporudi chuoni nilichukua karatasi, nikaigawa safu mbili. Katika safu ya kwanza niliandika kila jambo nililowaambia wanachuo juu ya filamu ile, sentensi moja moja. Katika safu ya pili niliandika nimelijuaje. Kazi hiyo peke yake ilinifundisha mengi, kwa maana safu ya pili karibu yote ilijaa neno moja: "nakumbuka". Nilipofika kwenye sentensi ya mwisho, ile ya Lionheart kunyongwa, kalamu ikasimama. Nilikumbuka vema kwamba usiku ule nyumbani kwa mjomba umeme ulikatika kabla filamu haijaisha, na asubuhi yake nilirudi shuleni. Mwisho wa filamu sikuuona kamwe. Habari ya kunyongwa nilikuwa nimejitungia mwenyewe, na kwa kuisimulia mara nyingi nikaja kuiamini.

Mwenzangu mmoja alinipatia nakala ya filamu. Niliitazama kwa jioni mbili katika chumba cha walimu, daftari likiwa mezani, nikisimamisha kila penye jambo la kuandika. Kisha nilikwenda maktaba kuchukua tamthilia za Shakespeare kwa Kiingereza, tafsiri zetu mbili, na vitabu vya marejeo juu ya sinema. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Mwaka haukuwa 1971. Theatre of Blood ilitolewa mwaka 1973, na mwongozaji wake ni Douglas Hickox. Ule mwaka 1971 niliuazima kutoka filamu nyingine ya Vincent Price, The Abominable Dr. Phibes, ambayo nayo ni ya kutisha na kuchekesha, na ambayo nayo ina mtu anayelipiza kisasi kwa mpango maalumu. Huyo huwaua matabibu kwa kufuata mapigo ya Misri. Kumbukumbu yangu ilizichanganya filamu hizo mbili kama mtu achanganyaye watoto pacha. Na hata mapigo yale yanahitaji kuhakikiwa, kwa maana filamu hiyo inatia popo na panya, nao hawamo katika mapigo kumi ya kitabu cha Kutoka.

Vincent Price hakuwa Mwingereza. Alikuwa Mmarekani, mzaliwa wa St. Louis katika jimbo la Missouri, mwaka 1911. Nilikuwa nimeihukumu asili yake kwa matamshi yake.

Hesabu yangu nayo ilikuwa mbovu. Wahakiki ni tisa, si wanane, na hawakufa wote. Nilipowahesabu kwa vidole niliona kwamba saba waliuawa. Wa nane, Psaltery, hakuguswa mwilini. Yeye alitiwa wivu kwa hila mpaka akamziba pumzi mkewe kwa mto wa kulalia, kama Othello alivyomfanyia Desdemona, akatiwa mbaroni. Wa tisa, Peregrine Devlin, aliokoka. Hapo niliona kwamba neno "wote" ni neno la hatari katika kinywa cha mwalimu. Kila tunapolitamka yatupasa tuwe tumehesabu.

Yule kijana wa kiume, msaidizi wa Lionheart, alikuwa ni binti yake Edwina aliyejibadilisha sura kwa ndevu za bandia. Diana Rigg ndiye aliyemwigiza. Jambo hilo hufichuliwa karibu na mwisho, yaani katika sehemu ambayo sikuitazama.

Na Lionheart hakunyongwa. Jumba la maonyesho alilolifanya maskani yake linawaka moto, binti yake anauawa katika vurugu za mwisho, naye anambeba mpaka juu ya paa, kama King Lear ambebavyo Cordelia aliyekufa, na paa linaporomoka pamoja naye. Zaidi ya hayo, ule mwisho nilioutunga haukupatana hata na sheria za nchi yenyewe. Uingereza ilisimamisha adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji mwaka 1965, na mwaka 1969 bunge lake likaamua kwamba isirudishwe. Mwuaji wa London katika filamu ya 1973 asingeweza kunyongwa. Laiti ningalijiuliza swali hilo moja tu, ningalishuku maneno yangu bila hata kuitazama filamu.

Hata macho na masikio yangu yalihitaji msaada. Nilipotazama kwa makini nilisifu sauti ya Jack Hawkins, aliyemwigiza Psaltery. Kumbe sauti ile si yake. Hawkins alikuwa ameondolewa zoloto mwaka 1966 kwa ajili ya saratani, na katika filamu hii mwigizaji mwingine, Charles Gray, ndiye aliyemsemea. Jambo la namna hii haliwezi kujulikana kwa kutazama peke yake. Ni lazima kuuliza kwa shahidi wa pili. Na shahidi huyo wa pili awe shahidi kweli, kwa maana vitabu viwili vilivyonakili kutoka kitabu kimoja ni shahidi mmoja aliyevaa kanzu mbili.

Kosa na badiliko

Sasa nije kwenye jambo ambalo mwanachuo yule alilisema. Nilifungua Mabepari wa Venisi, nikasoma sehemu ya mahakamani. Shylock anadai ratili ya nyama ya mwili wa Antonio kwa mujibu wa mkataba wa mkopo. Portia, aliyevaa kama mwanasheria, anamwambia achukue nyama yake, lakini asimwage hata tone la damu, kwa kuwa damu haikuandikwa katika mkataba. Shylock anashindwa, na Antonio anaondoka mzima. Mwanachuo alikuwa amesema kweli neno kwa neno. Mimi kitabu hicho nilikuwa nimekisoma zaidi ya mara moja, lakini picha ya filamu ilikuwa imekizidi nguvu kichwani mwangu.

Nilipoendelea kulinganisha, nilikuta jambo lililonishangaza zaidi. Filamu yenyewe inajua kwamba imebadilisha. Lionheart anapomkata moyo mhakiki Dickman, anaigeuza tamthilia kwa makusudi, na Devlin anaposikia habari hiyo anamtambua mwuaji kwa jambo hilo hilo: kwamba hapana mtu mwingine awezaye kuthubutu kumsahihisha Shakespeare ila Lionheart. Maana yake ni kwamba ufunguo wa kisa uko katika tofauti baina ya kitabu na kitendo, na tofauti hiyo huonekana na mtu aliyekisoma kitabu tu. Katika darasa langu mtu huyo alikuwepo. Nami nikamwambia akae chini.

Nilichunguza mauaji mengine kwa njia hiyo hiyo. Mhakiki Maxwell anachomwa visu na kundi la watu tarehe 15 Machi, siku aliyouawa Kaizari. Na mkewe, kama Calpurnia, ameota ndoto mbaya na kumsihi asitoke nyumbani. Hapo filamu inafuata kitabu kwa karibu. Snipe anapigwa mkuki na kuburutwa na farasi, kama Achilles alivyomtendea Hector katika Troilus and Cressida. Larding anazamishwa katika pipa la mvinyo. Lakini katika Richard III yule Clarence huchomwa kisu kwanza, ndipo atiwe pipani. Sprout anakatwa kichwa kitandani, ubavuni mwa mkewe anayelala. Lakini katika Cymbeline Cloten hukatwa kichwa katika mapigano, na mwanamke humkuta baadaye kando yake akiwa hana kichwa. Merridew analishwa vijibwa vyake viwili alivyovipenda kama watoto, ilhali katika Titus Andronicus ni mama anayelishwa wanawe wawili. Chloe Moon anauawa kwa umeme katika saluni, nywele zake zikiwa zimefungwa vibiringisho, ili kuwakilisha kuchomwa moto kwa Joan wa Ufaransa katika Henry VI. Kicheko cha filamu kinatoka hapo hapo, katika pengo lililoko baina ya jambo kubwa la kitabuni na kifaa cha kawaida cha saluni au jikoni. Asiyelijua jambo la kitabuni huona damu tu.

Ndipo nilipoelewa kwamba mwenye kuhakiki anahitaji kutenganisha kosa na badiliko. Kosa ni tofauti ambayo mwenyewe haijui. Badiliko ni tofauti aliyoikusudia. Mfano ulio karibu nasi ni jina la tafsiri yenyewe. Jina la Kiingereza humtaja mfanyabiashara mmoja wa Venisi. Mwalimu Nyerere aliandika mabepari, tena kwa wingi. Mwanafunzi awezaye kuona tofauti hiyo asikemewe kwamba anamkosoa mkubwa, wala asiambiwe upesi kwamba tafsiri imekosewa. Aulizwe: kitabu kilitoka mwaka gani? Kilitoka 1969. Miaka miwili kabla yake nchi ilitangaza nini? Azimio la Arusha. Kwa maswali mawili tu, tofauti iliyofanana na kosa inakuwa mlango wa somo.

Mwalimu huyo huyo ametuachia mfano mwingine. Tafsiri yake ya kwanza ya tamthilia ya Kaizari ilitoka mwaka 1963, kwa jina la Julius Caezar. Mwaka 1969 aliitoa upya, ikiwa imesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Wakati huo alikuwa Rais wa nchi, mwenye shughuli nyingi kuliko mkufunzi yeyote, lakini aliona yafaa kurudi kwenye kazi yake mwenyewe na kuisahihisha.

Kurudi darasani

Nilijiuliza kama yatosha kumwita mwanachuo yule ofisini na kumwomba radhi faraghani. Nikaona haitoshi. Kosa nililitenda mbele ya darasa zima, na darasa zima lilicheka. Kwa hiyo nilingoja kipindi kile kile cha kabla ya chakula cha mchana, nikaingia na karatasi yangu ya safu mbili, nikainakili ubaoni. Nikawaambia, "Juzi niliwasimulia filamu. Leo nitawaonyesha mambo niliyokosea." Nikasahihisha moja baada ya jingine, nikieleza kila kosa lilivyoingia: hili kwa kuchanganya, hili kwa kukisia, hili kwa kutohesabu, hili kwa kuujaza mwisho nisiouona. Nilipofika kwa Shylock nilimtaja mwanachuo kwa jina, nikasema kwamba yeye alisoma vizuri na mimi ndimi niliyehitaji kusoma tena, na kwamba nilivyomjibu haikuwa haki. Nikamwomba radhi.

Kulikuwa na kimya. Nakiri kwamba mikono yangu ilitoka jasho, maana nilifundishwa, kama wengi wenu, kwamba heshima ya mwalimu ni kioo na kikipasuka hakiungiki. Lakini darasa halikuniponyoka. Mwanachuo mmoja wa kiume aliuliza kwa nini watengenezaji wa filamu walibadilisha kitabu, na mjadala uliofuata ulikuwa bora kuliko somo langu la kwanza. Mwingine alisema jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: kwamba chanzo cha maafa yote katika filamu ile ni mtu mwenye kipaji asiyeweza kuvumilia kukosolewa. Watu wakacheka, nami nikacheka, ingawa kidogo lilinichoma.

Yule mwanachuo wa kike hakusema neno siku hiyo. Wiki mbili baadaye tulikuwa tukisoma Juliasi Kaizari. Nikasema, kwa uhakika wote, kwamba katika tamthilia Kaizari alipata majeraha 23. Mkono ukanyoshwa safu ya nyuma. "Samahani, Mwalimu. Nilisoma kile kitabu cha Kiingereza cha maktaba. Octavius anasema ni thelathini na matatu."

Nikasema, "Kilete, tukitazame." Akakileta. Ilikuwa katika sehemu ya tano, pale majemadari wanapotukanana kabla ya vita, na hesabu ilikuwa 33 kama alivyosema. Ile 23 niliyoisema ni ya waandishi wa historia, Plutarch na Suetonius. Tukaziandika hesabu zote mbili ubaoni, kila moja na mahali ilikotoka.

Kwa walimu wa shule za msingi

Nisieleweke vibaya. Sipendekezi filamu hii ionyeshwe kwa watoto; ina vichwa vilivyokatwa na damu nyingi, nayo ni ya watu wazima. Nilichojifunza kutoka kwayo ndicho kinachofaa kuchukuliwa darasani.

Unapotayarisha andalio la somo, acha nafasi nyembamba pembeni, na kando ya kila jambo la hakika uandike umelipata wapi. Penye neno "nakumbuka", tafuta kitabu. Kama kitabu hakipo, liseme jambo hilo kwa tahadhari, au liache mpaka ulihakikishe. Jihadhari hasa na tarehe, hesabu, majina, na mwisho wa visa, kwa maana hapo ndipo kumbukumbu hupenda kujaza mapengo. Mtoto akileta tofauti, usiamue papo hapo. Mwulize, "Umeisoma wapi?" au "Nani amekusimulia?" Huenda bibi yake husimulia kisa cha Sungura na Fisi kwa njia nyingine, na hilo si kosa, ni badiliko la masimulizi. Huenda pia amemwona popo akinyonyesha katika dari ya nyumba yao, na hapo yeye ndiye shahidi wa macho, wewe ndiwe uliyesikia tu.

Na ukikosea, sahihisha mahali pale pale ulipokosea, mbele ya wale wale waliokusikia. Mwanachuo niliyemsimulia alifanya hivyo. Aliporudi katika shule ile kwa duru ya pili ya mazoezi, kabla ya kuanza somo jipya aliandika ubaoni neno "popo", akamwita yule mtoto wa kiume mbele, akampa chaki, na akamwomba alipeleke neno hilo katika kundi lake.